Jezi Namba Nane

*Maktaba ya Chuo, chumba cha nyuma*
*4 Februari*

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Huku sote wazima. Baba hajambo, isipokuwa tangu astaafu ameanza kutengeneza saa za watu ambao hawakumwomba. Wiki iliyopita alimfungulia jirani saa ya ukutani iliyokuwa inakwenda vizuri kabisa, na sasa haiendi. Jirani ni muungwana, amesema labda ilikuwa imechoka. Saa nyingine kumi na moja zimepangwa kwenye kile kiti cha bibi chenye mikono ya mbao, kile ambacho hakuna anayekikalia, na kila moja inasema saa yake. Nikirudi kutoka kazini nazisikia tangu ngazini.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Ulishaniambia simu ni ya kusalimiana tu, mambo yenye mkia mrefu yaandikwe. Basi hili lina mkia.

Kocha wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu alikuja maktaba juzi, akasimama mbele ya meza yangu na mpira kwapani. Mwaka huu timu inatimiza miaka arobaini, na anataka kitabu cha historia yake. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza kuomba. Si bure mliniita Chiriku. Kitabu kifike kwa mchapaji mwisho wa Agosti, na sherehe ni tarehe ishirini Septemba. Siku hiyo uwanja utapewa jina la nahodha wa kwanza, yule waliyemwita Mlingoti kwa urefu wake, ambaye sasa ni daktari wa watoto. Jezi yake namba nane ilifunga pointi mia tatu na kumi na mbili msimu ule wa kwanza, na hakuna aliyezifikia mpaka leo.

Nimepewa ufunguo wa chumba hiki cha nyuma. Kina dirisha moja la juu, na jua likiingia vumbi linaelea polepole hivi kwamba nikikaa sana nasahau ni mwaka gani. Nimepata daftari la pointi la msimu ule, na picha moja. Wasichana tisa wamesimama uwanjani, lakini wenye jezi ni saba tu. Nyuma yao kuna mtu ameshika shuka nyeupe kwa mikono miwili, uso umefichika, kinachoonekana ni vidole na paji la uso.

Wewe ulikuwa hapa miaka hiyohiyo. Mimi nimelelewa na sentensi moja: "Shangazi yako alisoma chuo kikuu." Nikikataa uji, shangazi yako alisoma chuo kikuu. Nikipanda ukuta, shangazi yako alisoma chuo kikuu. Mpaka nami nikasoma hapahapa, labda ili wanyamaze. Sasa nisaidie. Uliwahi kuwaona wakicheza? Kwa nini jezi saba kwa watu tisa? Na shuka ni ya nini?

Baba nilipomwambia habari za kitabu alisema "Vizuri," akaendelea kutafuta skrubu iliyokuwa mkononi mwake.

Binti yako,
Chiriku

*Dukani*
*1 Machi*

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa mara tatu, nadhani mtu wa posta aliikalia. Mguu unaniuma asubuhi tu, mchana unasahau. Nina sare za shule sitini za kushona kabla ya muhula kufunguliwa, na cherehani imeanza kuruka mishono kila nikifika kwenye kola. Mwalimu mkuu anapita dukani kila siku kuniuliza zimefika ngapi, na kila siku namjibu kwamba zinafika. Mwambie kaka aache saa za watu, aje atengeneze cherehani yangu, ila asiifanye kama ya jirani.

Jezi zilikuwa saba kwa sababu kitambaa kiliishia hapo. Mchezaji akitoka na mwingine akaingia, walikwenda nyuma ya benchi, mtu akashika shuka, wakabadilishana jezi haraka. Refa alikuwa mwalimu wa mazoezi, mzee mwenye haya, aligeuka akatazama miti mpaka aambiwe tayari. Jezi ilikuja na joto la mwenzako, imelowa mgongoni, na mara nyingine ulikuwa umeshafika katikati ya uwanja ndipo unagundua umeivaa mbele nyuma. Kwenye daftari waliandika namba tu. Aliyekuwa ndani ya namba hawakumwandika.

Hayo nimesimuliwa.

Uwanja ulikuwa kati ya maktaba na chumba cha kufulia nguo. Jioni jua lilipokuwa linashuka, kivuli cha mpira kilipita juu ya shuka zilizoanikwa, moja baada ya nyingine, na ukiwa ndani kwenye mvuke uliona kivuli kabla hujasikia mpira. Ilikuwa kama kuona ndoto ya mtu mwingine. Hilo naweza kukuandikia, liweke kitabuni ukitaka.

Mimi sikuwa mtu wa michezo. Nilikuwa na shughuli zangu. Andika habari za Mlingoti, alistahili, na andika habari za hao waliokuja baada yake. Mimi huna la kuniandika.

Msalimie baba yako.

Shangazi yako

*Maktaba ya Chuo*
*19 Machi*

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na pole na cherehani. Baba anasema uipake mafuta chini ya sindano, si juu, na kwamba yeye anajua ulikuwa unapaka juu tangu utotoni. Jirani amenunua saa nyingine na anaificha.

Usikasirike, nimekutafuta. Nilitaka kitabu kiwe na ukurasa wa wanafunzi wa miaka ile, na jina la kwanza nililotaka kuliona lilikuwa lako. Nilikwenda masjala. Karani wa huko analamba kidole kabla ya kila ukurasa, na tulipitia vitabu vitatu vya usajili, mwaka kabla, mwaka wenyewe na mwaka baada. Kidole chake kilikauka. Haumo. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimeambiwa hivyo tangu sijaota meno. Uliandikishwa kwa jina jingine?

Jambo la pili. Gazeti la wanafunzi la wiki ya fainali linasema Mlingoti aliteguka kifundo cha mguu dakika mbili kabla ya mapumziko, akabebwa mpaka hospitali. Nimelisoma mara tatu. Lakini daftari la pointi linaonyesha namba nane alifunga pointi kumi na tisa kipindi cha pili. Tulishinda kwa moja. Sasa Shangazi, ni nani anayefunga pointi kumi na tisa akiwa amelala hospitali?

Yule aliyevaa jezi baada yake ni nani? Katika wale tisa wa kwenye picha, wanne nimeongea nao kwa simu. Kila mmoja anacheka kwanza, halafu anaulizia watoto wangu, ambao sina, halafu simu inakatika.

Nilimsomea Baba ile sehemu ya kivuli cha mpira kwenye shuka. Aliweka kibano chini, akaenda kuitia ufunguo saa kubwa ya ukutani. Alikuwa ameshaitia asubuhi.

Binti yako anayekupenda,
Chiriku

*Dukani*
*30 Aprili*

Chiriku,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, kulikuwa na kazi.

Vitabu vya masjala huliwa na panya. Na wanaohesabu pointi hukosea, hasa fainali, watu wakisimama mbele yao. Mwambie mchapaji aandike kama ilivyo kwenye daftari.

Tafadhali usimsumbue baba yako na habari za chuo. Ana moyo wake. Ameishi akijivunia kitu kimoja, na katika umri huu mtu hanyang'anywi alichonacho.

Mafuta nimepaka chini. Imeacha kuruka.

Nimeota ile pete ya goli iliyokuwa kwenye ukuta wa chumba cha kufulia. Katika ndoto ilikuwa juu sana, imezungukwa na mvuke, na mtu chini yake alikuwa ananiita kwa jina ambalo sijaitwa miaka mingi. Niliamka mikono imelowa kama iliyokuwa kwenye karai. Sijui kwa nini nakuandikia haya.

Maliza kitabu chako.

Shangazi yako

*Maktaba ya Chuo*
*14 Mei*

Shangazi wangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako, nikaikunja, nikaiweka. Nitakutii kuhusu Baba, simsumbui. Lakini kuna mtu mwingine amenisumbua mimi.

Daktari Mlingoti alikuja mwenyewe hapa chumba cha nyuma. Aliinama kupita mlangoni, na alipoinuka chumba kikawa kidogo. Nywele nyeupe zote, viatu vya raba. Nilimpa kiti, akakaa juu ya sanduku. Nikafungua daftari kwenye fainali, nikamwonyesha kipindi cha pili, nikamwambia, "Daktari, hapa pananipa taabu."

Akavaa miwani. Akapitisha kidole kwenye pointi zile moja moja, kama anayehesabu watoto wake.

"Hapa palinipa taabu mimi pia," akasema. "Miaka arobaini nasubiri mtu aulize. Nyie mmechelewa kweli."

"Basi niambie."

"Si yangu kuisimulia." Akanitazama, halafu akacheka peke yake. "Hebu nione mikono yako. Unajua kutupa soksi?"

"Soksi?"

"Huna habari. Basi. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia: baba yangu alikuwa fundi saa, na shangazi yangu alisoma hapa miaka ile, kwa sasa ni fundi cherehani, anaishi mbali. Akataka kujua mbali wapi, na una vidole vya namna gani. Nikamweleza. Vumbi lilikuwa linaelea kwenye ule mwanga, na nilipomtazama vizuri niliona machozi yanamshuka bila yeye kuyajali, mtu mrefu vile, amekaa juu ya sanduku.

Alipoinuka aliniambia mambo mawili. La kwanza, uwanja hautaitwa kwa jina lake. Wakilibandika atalibandua mwenyewe, ngazi hahitaji. La pili alinitaka nikuandikie neno kwa neno, na nimeliandika: "Muulize shangazi yako Povu yuko wapi. Na umwambie kona ya kushoto bado iko wazi."

Shangazi, Povu ni nani? Sikuulizi tena kwa ajili ya kitabu. Nakuuliza kwa sababu nimekuwa nikilala nikikuona wewe upande wa pili wa shuka, na sijui kama ninaruhusiwa kuishusha.

Chiriku

*Dukani*
*9 Juni*

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Leo nimefunga duka mchana, nimetundika kibao kwamba nimetoka, na nimo ndani. Mwalimu mkuu amegonga mara mbili. Agonge.

Sikusoma chuo kikuu. Basi, nimeandika. Nimeyaangalia maneno hayo hapo kwenye karatasi, na hayajaniuma kama nilivyodhani.

Mwaka ule nilikwenda kutafuta nafasi, na jina langu halikuwamo kwenye orodha. Niliisoma mara nne, juu mpaka chini, halafu chini mpaka juu. Hatua chache kutoka pale palikuwa na mlango wazi unatoa mvuke. Mama mmoja mnene akanitazama nilivyosimama, akaniuliza kama najua kukamua shuka. Nikasema najua. Nikavaa aproni siku hiyohiyo.

Siku ya tatu niliandika barua nyumbani. Niliandika kila kitu: nimekosa nafasi, nafua nguo za wanafunzi, wasiwe na wasiwasi, mwakani nitajaribu tena. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo barua alikuwa anasomewa na kaka. Ile haikufika. Nilipokwenda likizo mtaa mzima ulinipokea kama msomi. Wageni wamejaa sebuleni, mama yuko kwenye kiti chake, ananiita nimsalimie mama fulani na mama fulani, "huyu ndiye wangu anayesoma." Nikamtazama kaka, kaka akatazama viatu vyake. Nikajua barua imepotea njiani na wao wamekisia wenyewe. Mama alikuwa anacheka, Chiriku. Tangu baba yetu afariki nilikuwa sijamwona akicheka. Nilisema nitamwambia kesho. Kesho ikawa wiki, na wiki imekuwa miaka arobaini.

Na mwakani sikujaribu tena. Nani anaomba kuingia mahali ambapo kwao kila mtu anajua ameshaingia?

Sasa mpira. Nguo zilizokauka nilizigawa kwenye vikapu, kila chumba cha bweni kikapu chake, vimepangwa ukutani. Miguu ilikuwa inachoka, kwa hiyo soksi nilizikunja mbili mbili, nikakaa kwenye kiti changu na kuzitupa. Ijumaa moja Mlingoti alileta jezi saba kwenye ndoo, akasimama mlangoni akinitazama.

"We dada, hukosi?"

"Nikikosa, wa chumba cha tisa atavaa soksi za chumba cha kumi."

"Hebu tupa ya mbali kule."

Nikatupa. Akaweka ndoo chini. "Kesho ukitoka kazini," akasema, "utatupa kitu cha duara."

Mazoezi yetu yalikuwa ua wa nyuma, goli limepigiliwa ukutani, kamba za kuanikia zimejaa kila mahali. Nafasi ilikuwa moja tu, kona ya kushoto. Ndiyo maana mimi popote pengine nilikuwa si kitu, lakini kona ya kushoto sikukosa. Waliniita Povu kwa sababu nilikuja na mapovu mpaka kwenye viwiko. Mlingoti alicheza kipindi cha kwanza na namba nane, mimi cha pili na namba nane hiyohiyo. Kuna mechi walifikiri ni mtu mmoja amechoka akafupika.

Kwenye picha aliyeshika shuka ni mimi. Mpiga picha alisema wanafunzi tu.

Fainali sikumbuki kelele. Nakumbuka Mlingoti nyuma ya shuka, uso umekunjamana kwa maumivu, anavua jezi na kunivalisha kama mtoto, ananiambia, "Povu, hii ni yako mpaka mwisho." Halafu nakumbuka kimya. Mpira ulikuwa unapanda na kukaa kule juu muda mrefu, mweupe kwa jua, nami nilikuwa na nafasi ya kufikiri mambo mengi kabla haujashuka. Baadhi ya mipira ile, nikifumba macho, naona bado haijashuka. Walinibeba. Jina la chuo lilikuwa kifuani kwangu, na kwa muda ule mfupi sikuwa nimemdanganya mtu yeyote. Baadaye walinishusha, nikaingia ndani, kwa sababu jezi zilitaka kufuliwa.

Sasa umejua, na usiliandike. Mlingoti ana haki ya kutaka, lakini hana kaka. Baba yako amewaambia wateja wake wote, vizazi viwili vya watu wenye saa. Siku ya sherehe utamleta, atakaa mbele. Sitaki asikie kwenye kipaza sauti kwamba dada yake alikuwa dobi na alimwacha aseme uongo maisha yake yote bila kujua. Nisitiri, mwanangu. Nakuomba.

Shangazi yako,
ambaye ndiye Povu

*Nyumbani*
*28 Juni*

Shangazi wangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka mezani, Baba yuko mbele yangu, na kila baada ya mstari ananiuliza nimefika wapi.

Sikumwambia chochote. Naapa. Barua yako ilifika nikaifungulia hapahapa mezani, nikasema moyoni nitasoma salamu tu, na nikajikuta nalia juu ya mkate. Baba akazima redio.

"Ameandika nini?"

"Anakusalimu."

"Mtu halii hivyo kwa salamu. Amekuambia za dobi?"

Shangazi, barua iliniponyoka. Akainuka, akaenda kwenye saa kubwa ya ukutani, ile anayoitia ufunguo hata ikiwa imeshatiwa. Akafungua mlango wake mdogo wa nyuma, akatoa bahasha. Karatasi imekuwa ya rangi ya chai. Mwandiko ni wako, niliujua kabla hajaniambia, ile *k* yako inayopiga teke.

Barua yako ilifika.

Naandika sasa alivyosema, kwa sababu amenikataza kupamba. "Siku ilipokuja, mama alikuwa amekaa kwenye kiti kile, majirani watano wamekuja kusikia. Alikuwa ameshawaandalia chai. Nikafungua, nikasoma kimoyomoyo mstari wa kwanza, nikainua macho. Mama alikuwa ananitazama mdomoni. Nikasoma yale aliyokuwa anayangoja. Nilisema, nitakwenda kumwomba dada radhi, tutalirekebisha. Nikapanda basi. Nilifika siku ya fainali bila kujua ni fainali, nikasikia watu wanapiga kelele nyuma ya maktaba, nikasimama kwenye uzio. Nikamwona. Jina la chuo kizima liko kifuani kwake, watu wamembeba juu, wanaimba Povu, Povu. Nikasema, mimi nilimpunguza. Mimi nilisema anasoma tu. Nikageuza, nikarudi nyumbani, na sikuweza tena kufungua mdomo. Yeye hakusema, nikafikiri amenisamehe. Au amekasirika sana. Kila mwaka uliopita ilikuwa vigumu zaidi kuuliza."

Alipomaliza, saa zote zilikuwa zinaendelea. Nikamuuliza kwa nini aliificha kwenye saa. Akasema ni mahali pekee ambapo alikuwa na sababu ya kufungua kila siku.

Kwa hiyo hakuna uliyemdanganya. Mlikuwa mnasitiriana, kila mmoja upande wake wa shuka, na mikono yenu wote wawili imechoka.

Daktari Mlingoti amekwenda kwa kocha. Kocha alikuwa na wasiwasi juu ya kombe, kwamba mchezaji hakuwa mwanafunzi. Daktari akatoa karatasi ya masharti ya mwaka ule, ameitunza, inasema timu iwe ya wanawake wa chuo. Akasema, "Aliyetufulia alikuwa wa chuo kuliko sisi. Sisi tulikwenda likizo, yeye alibaki." Kocha amekubali. Daktari anapendekeza uwanja uitwe Namba Nane, na kitabu kisimulie waliokuwa ndani yake wawili. Lakini nimewaambia wangoje. Bila ruhusa yako jina lako halitoki chumba cha nyuma.

Nilitaka kuiweka bahasha ile humu ndani. Baba amekataa. Anasema ameichelewesha mwenyewe, ataikabidhi mwenyewe mkononi.

Amekuja kusimama nyuma yangu sasa. Anasema niandike: "Dada, nisamehe." Nimeandika.

Chiriku

*Dukani*
*17 Julai*

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Mwambie kaka nilikasirika siku tatu. Siku ya kwanza nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye sare moja. Siku ya pili nilimwandikia barua ya kurasa nne, ambayo usingependa kuisoma, na nimeikatia vipimo vya kola. Siku ya tatu nilikuwa nachemsha maji, mvuke ukapanda dirishani, na nikamwona amesimama kwenye uzio, kijana mwembamba na shati lake la safari, amekuja kote kule kunitazama na akarudi bila hata kunywa maji. Nikakaa chini nikacheka, halafu nikalia, halafu nikacheka tena, na mwalimu mkuu akaingia akaniuliza sare zimefika ngapi. Nikamwambia zote. Alikuwa hajajiandaa kwa jibu hilo.

Miaka yote nimeilaumu bure posta kwamba ilipoteza barua yangu.

Andika. Andika hivi, usipambe: Povu, dobi, jezi namba nane, kipindi cha pili. Na ile picha iweke kubwa, na chini yake waeleze mwenye shuka ni nani. Mwambie Mlingoti nakuja, na goti langu halirukii kitu, lakini kona ya kushoto haihitaji kuruka. Atafute mpira usio mzito.

Nitafika kwa basi tarehe kumi na nane Septemba, siku mbili kabla. Nitakuja kwanza nyumbani. Kuhusu ile bahasha, mwambie kaka asinipe kimya kimya mlangoni kisha akaenda kuitia ufunguo saa. Pikeni chai. Mwite na yule jirani, anastahili kusikia kitu kinachokwenda vizuri. Kaka aondoe saa zake zote kwenye kiti cha mama, akae yeye hapo, anitazame mdomoni.

Safari hii nitaisoma mwenyewe, kama ilivyoandikwa.

Shangazi yako